SOMO: Kupiga picha uyoga wa mti, ili picha iseme kweli



Mvua imerudi. Toka mwezi wa 11 mpaka mwezi wa 4, pori letu la Haut-Katanga linatoa uyoga, na kando ya barabara zinazoingia Lubumbashi wamama wanapanga mabeseni na vikapu. Mara nyingi tunasema hapa juu ya mihogo, mahindi na mbolea. Leo somo ni uyoga. Lakini si ule unaotoka udongoni kama chitondo, wala ule mkubwa wa kwenye kichuguu. Tunasema juu ya uyoga wa mti: ule unaoshika gogo au kisiki ubavuni, kama sikio, kama upepeo, au kama sahani iliyobandikwa ukutani. Na tunataka kujifunza namna ya kuupiga picha kwa telefone.

Wengine watauliza: picha ya nini, na uyoga ni wa kupika? Kwanza tuwaeleze jambo lililotupata.

KOSA LETU

Mwaka jana, mwezi wa kwanza, mwanachama mmoja alitutumia picha moja kwa WhatsApp. Ilionyesha kisiki, na juu yake uyoga mweupe umepangana. Akauliza: “Huu ni ule wa kula?” Picha ilipigwa kutoka juu. Chini ya uyoga hatukuona. Mahali unaposhika mti hatukuona. Ukubwa wake hatukujua, maana hakukuwa na kitu pembeni cha kupimia. Sisi, badala ya kumuuliza, tukajibu haraka: “Unafanana na ule mzuri.” Ile siku tulikuwa na kazi nyingi, lakini kazi nyingi si sababu.

Usiku ule mama, mume wake na watoto wawili walitapika mpaka asubuhi. Majirani waliwapeleka kwa baiskeli mpaka kituo cha afya. Muuguzi akauliza: ni uyoga gani? Hakuna aliyeweza kumjibu. Mabaki yalikuwa yametupwa, chungu kimeoshwa, na picha ilikuwa ile moja tu ya juu. Wote wanne walipona, tunamshukuru Mungu, lakini jina la uyoga ule halikupatikana.

Tulikwenda nyumbani kwao kuomba msamaha. Mama alitupa viti, akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: “Mimi nilikuwa na mashaka nao. Lakini nilifikiri telefone inaona kuliko mimi.”

Ndugu, telefone haioni kuliko mama aliyezaliwa karibu na pori. Haisikii harufu, haigusi, haijui mti ule ulianguka mwaka gani. Njo maana kanuni ya kwanza ya somo hili ni hii, na tunaomba iandikwe ukutani mwa kila nyumba ya mkutano:

PICHA HAITOI RUHUSA YA KULA.

Toka siku ile, ofisi yetu haijibu tena “kuleni” kwa picha ya mtu yeyote. Tunaweza kujibu “msile”, au “twende tuuone pamoja”.

SASA PICHA INASAIDIA NINI?

Inasaidia mambo manne.

1. Kufundisha. Wamama wazee wanajua uyoga wa kila mti. Vijana wengi leo wanajua makala kuliko uyoga. Mzee akifariki bila kufundisha, ujuzi wake unazikwa pamoja naye. Picha nzuri, pamoja na maneno ya mzee, inabaki katika kikundi.

2. Kutengeneza kalenda. Ukipiga picha gogo moja kila juma, utajua uyoga unaota siku ngapi baada ya mvua, na gogo linazaa kwa miaka mingapi.

3. Kuuza. Mnunuzi wa mjini anataka kujua anachonunua. Picha ya uyoga ukiwa bado kwenye gogo, pamoja na picha ya uyoga uliokaushwa, inaonyesha kwamba kikundi kinajua mali yake.

4. Kusaidia muuguzi, mtu akiugua. Picha zenye habari kamili zinaweza kumwongoza yeye, au mtaalamu atakayeulizwa.

Kazi hii ya kuweka sura ya uyoga si mpya katika Congo. Zaidi ya miaka 80 iliyopita, kabla watu hawajawa na telefone za picha, mama mmoja Mbelgiji, Madame Goossens-Fontana, alikuwa akiokota uyoga huko Binga, upande wa Équateur, na kuuchora kwa rangi za maji siku ileile, ukiwa bado mbichi. Michoro yake iliwasaidia wataalamu wa Ubelgiji kutoa vitabu vya picha vya uyoga wa Congo, vilivyoanza kuchapishwa mwaka 1935. Alichora kofia, alichora upande wa chini, alichora uyoga uliopasuliwa, akaandika rangi na mahali. Ndiyo kazi ileile tunayowaomba, ila ninyi mnayo telefone mfukoni.

TUUJUE UYOGA WA MTI

Uyoga tunaouona nje ni kama embe juu ya mwembe: ni tunda. Mwili wenyewe uko ndani ya ubao, nyuzi nyembamba nyeupe zinazokula mti na kuuozesha polepole. Ukichuma tunda kwa utaratibu, mwili unabaki na utazaa tena. Ukichoma gogo, umemaliza vyote viwili.

Hii ni mifano ya uyoga wa mti ambao watu wa Congo wanaufahamu, au ambao ni vizuri kuutambua.

Masikio, yaani Auricularia. Ni laini kama sikio la mtu, rangi ya kahawia. Chini hauna matamvua wala vitundu. Jua likiwaka unakauka na kuwa mgumu kama ngozi kavu. Mvua ikinyesha unalainika tena.

Upepeo mdogo, yaani Schizophyllum commune. Ni mdogo, mara nyingi haupiti upana wa vidole viwili au vitatu. Juu ni mweupe au wa kijivu, wenye manyoya. Geuza: matamvua yake, zile karatasi nyembamba za chini, kila moja imepasuliwa kwa urefu, kana kwamba mtu amepitisha wembe. Alama hiyo ndiyo inayoutambulisha. Ni mgumu kutafuna, njo maana wamama wanaupika muda mrefu.

Lentinus squarrosulus. Unaota kwa mafungu juu ya visiki na magogo. Ni mweupe wenye magamba madogo juu, na una shina na matamvua. Unaliwa ukiwa mchanga. Ukizeeka unakuwa kama ngozi ya kiatu.

Uyoga wa njano, jamii ya Laetiporus. Unapangana kama sahani, rangi ya njano au ya chungwa, na chini una vitundu vidogo sana badala ya matamvua. Katika nchi nyingi unaliwa ukiwa mchanga na ukiivishwa sana. Lakini wako watu ambao tumbo linaukataa hata ukipikwa vizuri. Kama wazee wa kwenu hawauli, msianze ninyi kwa sababu ya kijarida hiki.

Halafu uko ule mgumu kama ubao, ambao si chakula: Ganoderma, wa kahawia, mara nyingi unang'aa kama umepakwa vanishi, na Pycnoporus sanguineus, mwekundu kama pilipili, juu ya magogo yaliyopigwa na jua. Huo ni mzuri kwa mazoezi ya picha, maana haukimbii na hauozi haraka.

PICHA SABA ZA UYOGA MMOJA

Picha moja haitoshi. Kwa kila uyoga sherti tupate picha saba:

1. Mahali. Simama hatua tano nyuma, upige mti au gogo lote. Tuone kama mti ni mzima au umekufa, kama ni porini, shambani, au palipochomwa makala.

2. Fungu lote kwa karibu, jinsi uyoga ulivyopangana.

3. Upande wa juu. Rangi, manyoya, magamba, mistari ya ukingoni.

4. Upande wa chini. Hii ndiyo picha wengi wanasahau, nayo ndiyo yenye habari nyingi kuliko zote. Tuone: matamvua, vitundu, au laini?

5. Ubavuni, mahali unaposhika mti. Una shina au hauna? Shina liko katikati au pembeni?

6. Uliopasuliwa kwa kisu. Piga mara moja, subiri dakika tano, piga tena. Uyoga mwingine unabadilika rangi ukiguswa na hewa.

7. Mti wenyewe: ganda lake, na jani kama lipo. Andika jina ambalo wenyeji wanauita. Muputu, mutondo na mubanga si mti mmoja, na uyoga unachagua.

Kama uko mchanga na mzee juu ya gogo moja, piga yote miwili pamoja. Masikio na upepeo mdogo uupige mara mbili, ukiwa mkavu na baada ya mvua. Mtu asiyejua atafikiri ni aina mbili.

Mbinu ya upande wa chini bila kuchuma: fungua kamera ya mbele, ile ya kujipiga mwenyewe. Weka telefone chini ya uyoga, kioo kikitazama juu, weka kamera ihesabu sekunde tatu, uondoe mkono. Kioo kidogo cha kujitazamia kinasaidia vilevile: kiweke chini ya uyoga, upige picha ya kinachoonekana ndani yake.

MWANGA NA MKONO

Safisha jicho la kamera kwanza. Telefone inakaa mfukoni pamoja na unga, jasho na mafuta, na picha nyingi zenye ukungu si kosa la telefone, ni uchafu. Tumia kitambaa laini kikavu.

Saa nzuri ni asubuhi, toka saa moja mpaka saa tatu. Saa sita jua linapita kati ya majani na kutia madoa meupe na meusi juu ya uyoga. Kama umefika saa hiyo, mwombe mwenzako ashike kikwembe au mwavuli kufunika jua. Upande ulio gizani, weka karatasi nyeupe karibu: inarudisha mwanga polepole. Taa ya kamera usiiwashe, maana inageuza uyoga wa rangi ya maziwa kuwa mweupe kabisa, na rangi ni ushahidi.

Usivute picha kwa vidole ili ije karibu, sogea wewe. Lakini usipite karibu kuliko upana wa kiganja, kwa sababu telefone nyingi hazioni vizuri hapo. Gusa uyoga kwenye kioo cha telefone ili kamera ijue unataka nini. Shika kwa mikono miwili, viwiko juu ya magoti, au egemeza telefone kwenye fimbo. Vuta pumzi, tulia, kisha piga. Piga tatu, ubakize moja.

Ndani ya picha weka kitu ambacho ukubwa wake unajulikana: rula ya mtoto wa shule, boksi ya alimeti, au biki. Mkono wa mtu si kipimo, maana mikono haifanani.

KARATASI YA KUFUATANA NA PICHA

Picha bila maneno ni kama gunia bila jina la mwenyewe. Chukua kijikaratasi, andika namba, weka karatasi hiyo ndani ya picha ya kwanza. Katika daftari ya kikundi andika namba ileile pamoja na haya:

Tarehe, na mvua kubwa ya mwisho ilinyesha lini.
Kijiji na jina la pori.
Mti gani, mzima au mfu.
Harufu: ya unga, ya samaki, ya udongo, au hakuna.
Ukiguswa: laini, kama mpira, kama ubao.
Jina la kienyeji, na lugha gani.
Nani anaujua. Yeye anaula? Anaupikaje? Nani alimfundisha?

Mstari wa mwisho ndio wenye thamani kubwa. Mama aliyeula miaka 40, na mama yake kabla yake, ana ushahidi ambao picha haina. Andika na jina lake katika daftari, akikubali. Ujuzi una mwenyewe.

UNGA WA MBEGU

Kwa uyoga wenye matamvua au vitundu, tufanye jambo moja zaidi. Kata kipande kibichi, kilaze upande wa chini juu ya karatasi nusu nyeupe na nusu nyeusi, funika na kikombe, uache usiku mzima. Asubuhi utakuta vumbi lililoanguka. Hilo ni unga wa mbegu zake. Rangi yake, nyeupe, ya kahawia au nyeusi, inatenganisha jamii zinazofanana kwa sura. Ipige picha karibu na dirisha. Vumbi jeupe halionekani juu ya karatasi nyeupe, ndiyo maana tunataka na nyeusi.

KUTUMA NA KUTUNZA

WhatsApp inapunguza picha ili kula mega chache, na vitundu vidogo vinapotea. Tuma ile ya upande wa chini kama faili, nyingine zitumwe kwa njia ya kawaida. Mkiwa porini zimeni mtandao, betri itadumu.

Jambo jingine: telefone inaweza kuandika mahali ulipo ndani ya picha. Kabla ya kutuma kwa watu wasiojulikana, zima habari hiyo. Vikundi vimewahi kukuta magogo yao yamekwanguliwa na wageni. Na kama pori ni la kijiji kingine au lina mwenyewe, ombeni ruhusa kwa shefu kabla ya kuingia.

MANENO YASIYO YA KWELI

Katika mikutano tunasikia haya. Yote ni hatari.

“Uyoga wa mti hauna sumu.” Si kweli. Mwaka 2004 nchini Japani, uyoga mweupe wa kwenye visiki, Pleurocybella porrigens, ambao watu walikuwa wakiula toka zamani, uliwaugua watu zaidi ya 50, na 17 wakafa. Wengi wao walikuwa tayari na ugonjwa wa figo. Hata chakula cha kuzoea kinaweza kumdhuru mgonjwa.

“Wadudu wakiula, na mtu anaweza kuula.” Tumbo la mdudu si tumbo la mtu.

“Ukitia chumvi, kitunguu au kijiko cha fedha ndani ya chungu, sumu itaonekana.” Haionekani.

“Ukichemsha sana sumu inaisha.” Sumu nyingine inavumilia moto na kukaushwa.

MTU AKIUGUA

Mpelekeni kituo cha afya mara moja, hata kama anasema amepata nafuu. Maumivu yanayoanza saa sita au zaidi baada ya kula ndiyo ya kuogopwa zaidi: mtu anaweza kutulia siku moja, kumbe ini linaharibika. Msichelewe kwa kujaribu maziwa au mafuta ya mawese. Chukueni mabaki ya chakula, na telefone yenye picha.

Kwa hiyo kanuni ya pili: kila mnapopika uyoga wa porini, wekeni mmoja mzima mbichi pembeni, ndani ya karatasi, si ndani ya sashe, mpaka kesho yake. Ule ni shahidi. Familia ile ya mwaka jana ingekuwa na shahidi, muuguzi angekuwa na pa kuanzia.

TUSIMALIZE GOGO

Mkichuma, kateni kwa kisu, msing'oe pamoja na ganda. Acheni mchanga ukue, na acheni mzee atoe mbegu zake. Mkifungua shamba jipya, bakizeni gogo moja au mawili makubwa ukingoni. Gunia la makala mnauza mara moja, na pesa inaisha juma lilelile. Gogo linalooza kivulini linaweza kutoa mboga ya bukari kwa misimu kadhaa.

ZOEZI LA KIKUNDI

Gawanyikeni watu wanne wanne: mama mmoja anayejua pori, kijana mwenye telefone, mwandishi wa daftari, na mshika kikwembe. Chagueni gogo moja karibu na kijiji. Pigeni picha saba. Rudini kila juma, siku ileile, mpaka mwezi wa 4.

Kisha mjibu pamoja katika mkutano:

1. Picha ipi tulisahau, na kwa nini?
2. Mtu ambaye hakuwa nasi angeweza kujua ukubwa, mti na upande wa chini?
3. Wazee wetu wanakubaliana juu ya jina na juu ya kula? Kama hawakubaliani, nani aliwahi kuugua?

Swali la tatu msilipite haraka. Mahali wazee wanapotofautiana, hapo ndipo sherti tusimame bila kula.

Mama yule wa mwaka jana sasa ndiye anayeongoza wanne wa kikundi chake. Mwezi uliopita walileta daftari ofisini. Picha ya nne, ile ya upande wa chini, ilikuwa wazi kuliko zote. Tulipomuuliza kama ule uyoga unaliwa, alicheka, akasema: “Mnaniuliza mimi, ama mnauliza telefone?”

Tunamuuliza yeye. Telefone tunaiachia kuandika jibu lake.

Kazi njema, na mvua njema.